Nipigeni Mara Saba

Maige alikuwa manju wa ngoma ya Mkolani, na mwaka uliotangulia aliaibika vibaya. Katika mashindano yao hapapigwi kura. Makundi mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na manju anayekimbiwa na watu ndiye aliyeshindwa. Kundi la Sengerema lilimkomba watazamaji wote, akabaki anawaimbia mbuzi. Sasa wachezaji wake walishamwambia bila kumung'unya: ukishindwa tena Sabasaba hii, ngoma anakabidhiwa mwingine.

Safari hii alikuja na silaha. Alipewa na binti yake, Bernadeta, aliyekuwa akisomea ualimu wa hesabu pale Butimba. Silaha yenyewe ilikuwa namba: laki moja na elfu arobaini na mbili, mia nane hamsini na saba. Vijana sita walivaa tarakimu vifuani, 1, 4, 2, 8, 5, 7, wakasimama duara. Bernadeta akashika chaki ubaoni.

"Nipigeni mara mbili!" Maige akaimba.

Ubao ukatoa 285714. Duara likazunguka, 2 akatangulia, wenzake nyuma yake kwa mpangilio uleule, hakuna aliyerukwa. Mara tatu, 428571: duara likazunguka tena, 4 mbele. Mara nne, tano, sita, sura ni zilezile.

"Nipigeni, nazunguka, sitawanyiki!"

Watu wakaanza kuvuka uwanja. Hata gari la wauza soda, maana enzi hizo za soko huria hapakuwa na sherehe isiyo na mchuuzi, likageuza vipaza sauti vyake huku. Maige akavimba kichwa, na haki yake.

Lakini Mhoja, manju wa Sengerema, si mtu wa kulala. Akaja mwenyewe mbele ya ubao.

"Leo si Sabasaba? Haya, ipigeni mara saba!"

Bernadeta alikuwa amemwonya Maige: saba usiiguse, baba, inavunja duara. Akamtazama binti yake. Binti akatikisa kichwa kukubali.

"Nipigeni mara saba," akaimba, sauti ya mgonjwa.

Chaki ikaandika 999999.

"Imekufa!" Mhoja akaruka. "Moja iko wapi? Nne iko wapi?"

Watu wakaanza kugeuza visigino. Bernadeta akaweka chaki chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," Mhoja akajibu, angefanyaje?

"Kuna tarakimu inayoizidi tisa?"

Mhoja akafikiri. "Hakuna."

"Basi umewapiga mara saba, na wote sita wamekuwa wakubwa. Mdogo hayupo tena. Endelea kuwapiga, baba."

Uwanja ukalipuka. Watu wa Sengerema wenyewe walikuja mbio, wakimwacha Mhoja na ngoma zake.

Manju akishinda hujigamba: hutaja jina lake, la baba yake, la babu, mpaka ukoo wote uishe. Maige alisimama katikati ya umati, machozi yanamtiririka wala hayafuti.

"Mnauliza mimi ni nani?" akaimba. "Mimi ni baba yake Bernadeta!"

Wapiga ngoma wakasubiri ataje mababu. Hakutaja.