Naomba Utazame Miguu

Mimi ni fundi cherehani hapa sokoni Bariadi, na suruali zangu nazishona kwa mtindo wangu mwenyewe: mguu wa kushoto nauongeza vidole viwili, ufunike kiatu. Nilizaliwa Mwamapalala na wayo uliopinda kwa ndani. Wateja wapya hawajui mpaka nisimame. Wazoefu wameshauchoka, na hivyo ndivyo ninavyotaka, maana ukinihurumia tu tumekosana.

Mke wangu Mektilda alipofikisha miezi sita ya ujauzito, mama yake alikuja kutoka Maswa na mchele wake, akakaa siku tatu. Siku ya pili niliwasikia jikoni wakinong'ona Kisukuma. Mama mkwe alikuwa anasema mtoto apigwe altrasaundi mapema, watu wajue. Wajue nini, hakusema. Hakuwa na haja ya kusema, nami nimesimama pale mlangoni na mguu wangu.

Nikasema twende. Nina kiburi, nakubali, nilitaka Mektilda aone kwamba siogopi. Ila kulikuwa na jambo lililokuwa likinikosesha raha tangu mimba iingie. Mektilda hakuwa amepokea hata kitambaa cha mtoto. Kila nikimletea vipande laini vya pamba kutoka kazini, ananirudishia. "Acha kwanza, Ngeleja. Tusimchulie mtoto." Wanawake wengi wa kwetu husema hivyo, hawanunui kitu mpaka mtoto atoke salama, kwa hiyo nikamwamini.

Kule kituo cha afya daktari alikuwa dada mpole, wanamwita Scola. Alimpaka Mektilda jeli ya baridi tumboni, akamuuliza kama ana shida yoyote.

"Sina," mke wangu akajibu. Kisha, bila kunitazama, akasema, "Ila naomba utazame miguu."

Daktari hakunitazama usoni. Alitazama kiatu changu, mara moja tu, akarudi kwenye mashine yake. Nikauvuta mguu chini ya kiti. Miaka thelathini na minne naukanyagia mguu huu, nimeendea ukweni kuposa kwa mguu huu huu, na siku ile nikauficha kama vile nimeuiba.

"Huu hapa wa kulia," daktari akasema. "Na huu wa kushoto. Yote imenyooka."

Mektilda akalia. "Asante Yesu," akasema, na mimi nikasikia mdomo wangu ukisema vilevile. Sikuwa naigiza. Nilikuwa nimeliomba hilo hilo wiki nzima, kimya kimya, kila nikikanyaga cherehani.

Tulirudi kwa kupitia sokoni. Kwenye meza ya mitumba Mektilda akasimama, akachagua viatu vidogo vya bluu, pea nzima inaenea kwenye kiganja. Hakubishana hata bei, yeye ambaye nyanya tu hubishania mpaka muuzaji atokwe jasho. Nikakumbuka vile vitambaa vyangu. Kumbe haikuwa habari ya kuchulia. Alikuwa anasubiri miguu.

"Na kama ungekuwa umepinda?" nikamuuliza tukiwa njiani.

Akacheka kidogo, akanishika mkono. "Si mtoto wetu? Tungempenda hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo," nikasema.

"Kwani nimesema nini kibaya?"

Hakuwa amesema kibaya. Mama yangu alinipenda hivyo hivyo, na Mektilda mwenyewe alinipenda hivyo hivyo, nami sijawahi kulalamika. Roho iliniuma, na hasira haikuwa na pa kwenda, maana kwenye chumba kile cha daktari sisi wote tulikuwa upande mmoja.

Tulipofika nyumbani Mektilda aliviweka viatu vile mlangoni, pembeni ya vyangu, hiki cha kulia cha kawaida na kile cha kushoto ambacho fundi viatu Mabula hunikatia na kunipanulia. Akaniita nije nione. Nikaja, nikasema vinapendeza. Alikuwa na furaha ambayo sijamwona nayo tangu tuoane, akaenda jikoni kumpigia mama yake simu.

Nikabaki nimesimama pale peke yangu. Mtu pekee ambaye angenielewa ndani ya nyumba ile ni mtoto mwenye mguu kama wangu, na mimi nilikuwa nimeshamshukuru Mungu kwa kutomleta.