Sampuli ya Hakimu

Kwa miaka saba hakuna aliyefaulu kumpitishia debe la maziwa yaliyochanganywa. Waliojaribu walikuwepo, tena mafundi. Mmoja alitia maji akayafunika kwa sukari, mwingine akakoroga unga wa maziwa mpaka mkono ukafa ganzi. Yeye alinusa, akatikisa chupa, akaitupia jicho karatasi ya mashine ya kupimia, kisha akatamka neno lake moja: "Rudisha." Wafugaji na madereva wa pale kiwanda cha maziwa, alikokuwa mpimaji, wakambandika jina la Hakimu, nalo likamganda.

Alipokuwa na mimba ya miezi minane, Hakimu alitoa hukumu nyingine, nyumbani, kikombe cha chai mkononi.

"Mwanangu hataonja maziwa ya kopo. Mimi nakesha nikikataa maziwa ya kuchanganya, halafu nimchanganyie mtoto wangu?"

Mama mkwe wake, aliyelea watoto sita na kusikia hotuba nyingi kuliko hizo, alimjibu, "Haya, mama." Haya hiyo ilikuwa na mkia mrefu.

Mtoto alipofikisha miezi mitatu, likizo ikaisha. Wiki ya kwanza kazini, pampu ya mkono ya kukamulia ilimpa mafunda mawili na povu. Mtoto naye, huko nyumbani, hakuwa mtu wa mafunda mawili. Siku ya nne Hakimu alirudi akamkuta mama mkwe ameweka kopo jipya katikati ya meza, analifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Sijasema kitu," mama mkwe alisema.

"Najua hujasema, mama."

"Nafuta tu."

Hakimu alisoma maelezo ya kopo mara tatu, akapima maji, akasawazisha kijiko cha unga kwa kisu kama mtu anayepima dhahabu, na mtoto akanywa mpaka chupa ikalia. Ndipo ukazaliwa mpango wa nyumba ile. Alfajiri, ziwa la mama. Jioni, ziwa la mama, kabla hata hajavua viatu. Usiku, mtoto mwenyewe akidai. Mchana, kwanza kichupa alichokamua mama kazini jana yake, kisha maziwa ya kopo ya kujazia pengo.

"Mume wangu, umeoa wake wawili," mama mkwe alimwambia mjukuu wake, maana ndivyo bibi huwaita wajukuu wa kiume. "Mkubwa ni mama yako, mdogo ni bati. Na ajabu, hawagombani!"

Hakimu alicheka, lakini kile kichupa cha mchana hakukifanyia mzaha. Muuguzi wa kliniki alimwambia wazi: maziwa huja kwa kuitwa, ukiacha kuyaita mchana, hata jioni yatachelewa kuitika. Kila alipokamua akaona maziwa yamefika mistari michache tu ya chupa, alihisi kama anafukuzwa taratibu nyumbani kwake. Kwa hiyo kila saa nne asubuhi aliyaita, ndani ya stoo ya maboksi, mguu mmoja umeukaza mlango kwa sababu kitasa kilikufa zamani. Alikuwa amemwomba Meneja chumba chenye kitasa na rafu moja ya friji. Meneja alijibu, "Tutaangalia." Wiki ya tatu hiyo, bado anaangalia. Friji ya jikoni ilifungwa kwa kuegemezwa tofali, na ndani yake palinuka viatu. Baridi ya kuaminika jengo zima ilikuwa moja tu, kwenye friji ya sampuli.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, maziwa yalipanda mpaka mililita mia na ishirini. Hayakuwahi kuvuka sabini! Aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kama watu wanavyotazama cheti. Ilikuwa chupa ya sampuli, aliyoichemsha mwenyewe nyumbani. Furaha ikampanda, na mkono uliozoea kazi miaka saba ukaandika wenyewe kwenye lebo: tarehe, saa, ujazo. Haukuandika ni ya nani. Kwenye friji rafu zote zilijaa, ila tundu moja tupu katika kibao cha matundu cha kupangia sampuli za wafugaji. Akaichomeka hapo.

Tundu lile lilikuwa la Mzee Madebe, mfugaji ambaye alichelewa kila siku na kila siku alikuwa na sababu mpya.

Saa sita kamili kelele zikatoka kwenye jukwaa la kupokelea maziwa. Hakimu aliacha makaratasi akatoka. Mzee Madebe alikuwa amesimama juu ya gari lake dogo, kati ya madebe yake kumi, kofia mkononi, na chini yake Miwani, mpimaji mwenzake Hakimu, ameshika karatasi ya mashine.

"Maji!" Mzee Madebe alikuwa akipaza sauti. "Mimi niliyezeeka na ng'ombe, leo nauza maji? Na sukari juu? Kwani natengeneza juisi?"

"Mzee wangu, mashine haina ugomvi na mtu," Miwani alisema kwa upole, akisukuma miwani juu ya pua. "Inasema yametiwa maji, halafu sukari ikawekwa kuficha. Inabidi urudi nayo."

"Mashine yako ina kichaa! Hakimu, binti yangu, umekuja. Mara tatu umenirudisha, na zote tatu, haya, nilistahili. Haya ya leo naapa sikuyagusa."

Madereva wanne wakashuka kwenye magari yao ili wasipitwe. Meneja naye akatokea, tai imekaa upande.

Hakimu alichukua karatasi. Protini asilimia moja. Sukari saba. Maziwa ya ng'ombe hutoa protini tatu na zaidi, na sukari isiyofika tano. Alisoma tena. Kisha akamwuliza Miwani, polepole:

"Sampuli ulichukua saa ngapi?"

"Sikuchukua, dada. Mzee alipofika nilikuta chupa tayari kwenye tundu lake. Mwandiko wako. Nikajua umeniwahi, hata saa sikuisoma."

Akili ilikwenda kwanza kwenye chupa. "Umeimwaga?"

"Nimwage vipi? Utaratibu si mpaka mfugaji asaini? Nimetoa kidogo tu ya mashine. Imebaki mia."

Mia. Alishusha pumzi. Angeweza kunyamaza, akaomba sampuli nyingine, akasema mashine ina hitilafu, na siku ikapita. Lakini Mzee Madebe alikuwa bado amesimama juu ya gari, kofia mkononi kama mtu aliyefumaniwa, na madereva wanamwangalia.

"Mzee Madebe ni safi," Hakimu alisema kwa sauti ya kumfikia kila mtu. "Maziwa yaliyopimwa si ya ng'ombe wake."

"Ni ya ng'ombe wa nani basi?" Meneja aliuliza.

"Si ya ng'ombe. Ni yangu."

Jukwaa zima likapasuka kwa kicheko.

"Hakimu kakataliwa!"

"Rudisha! Rudisha!"

"Maji mengi, sukari nyingi," Mzee Madebe alisema akiteremka, machozi ya kicheko yanamtoka. "Kumbe mtoto wako unampa chai! Miaka saba unatunyanyasa, binti yangu, kumbe mchakachuaji ni wewe!"

"Na nyumbani anaongezewa ya kopo," Hakimu alisema, maana sasa hakuwa na cha kuficha. "Tena ya unga. Changanya yote hayo, mzee wangu, halafu uje umwone shavu lake."

"Ya kopo? Wewe?" Dereva mmoja alishika kichwa. "Wewe uliyemfukuza shemeji yangu kwa unga wa maziwa?"

"Shemeji yako aliuza. Mimi nalisha."

Wakacheka tena, safari hii upande wake. Miwani peke yake hakucheka. Alikuwa ameona aibu. Aliingia maabara.

Meneja alingoja vicheko vipungue, akakohoa. "Hili si la mzaha. Friji ya kampuni si kabati la nyumbani. Mfugaji amedhalilishwa. Na kama mtoto ana kopo, mpe kopo, yaishe. Kuna haja gani ya kusumbuka na pampu stoo?"

"Kopo linamshibisha, bosi, na nalishukuru. Lakini anapoamka alfajiri hatafuti kopo, ananitafuta mimi. Nikiacha kukamua mchana, atanitafuta anikute mkavu."

"Basi utaomba radhi. Hapa, mbele ya watu. Kisha uniandikie barua. Baada ya hapo tutaangalia hiyo rafu."

Wote wakamgeukia. Hakimu alimtazama Mzee Madebe. "Mzee wangu, nimeweka chupa mahali pako nawe ukatajwa vibaya, nami nimekusafisha mbele ya hawa hawa. Unanidai neno jingine?"

"Mimi?" Mzee Madebe alivaa kofia yake. "Nakudai upokee madebe yangu, yasije yakaganda juani."

"Yatapimwa sasa hivi. Na yakiwa na tone la maji, nakurudisha."

"Ndiyo Hakimu huyo, amepona!"

Miwani alitoka maabara. Mkononi alikuwa na chupa, kifuniko kimekazwa, na stika nyekundu aliyokuwa ameibandika mwenyewe: IMEKATALIWA. Alimkabidhi kwa mikono miwili. "Rafu ya juu ya friji ya sampuli nimeiondolea chupa za zamani, dada," alinong'ona. "Nimeifuta na kuandika MTOTO. Herufi kubwa."

Hakimu hakuibandua stika. Mama mkwe angeisoma jioni na kuhadithia mwezi mzima. Aliikumbatia chupa kifuani, akamgeukia Meneja aliyekuwa bado anangoja, mikono nyuma.

"Barua sitaandika, bosi," alisema. "Kesho saa nne nakamua tena, naweka chupa rafu ya juu. Na radhi siombi."