Kikombe Namba Tano

Mimi ni mkali, sikatai. Wanachama wa kikundi chetu cha kahawa huku juu milimani walinichagua mwenyekiti kwa sababu hiyohiyo. Mwaka jana tulichanganya kahawa ya kila mtu tukauza pamoja, mnunuzi akaurudisha mzigo wote akisema unanuka moshi. Sikuuliza mara mbili. Ezekiel huchoma matofali nyuma ya nyumba yake. Moshi ungetoka wapi tena? Nilimfukuza mbele ya watu, na jina lake nikalikata kwa mkono wangu.

Mwaka huu tuliita mwonjaji kabla ya kuchanganya, naye Ezekiel akaomba kahawa yake ionjwe pamoja na zetu. Nikakubali, ili aumbuke mara ya pili. Mimi mwenyewe ndiye niliyetaka vikombe vipewe namba na majina yabaki kwenye karatasi ya Salum, katibu wetu, asije mtu akasema nimependelea.

Mwonjaji alikuwa Hafidha, binti aliyepanda asubuhi hiyo kutoka mjini. Alitoa shikamoo kwa ukumbi mzima wa parokia, akamimina maji ya moto kwenye vikombe saba vya kahawa iliyosagwa, akasubiri. Kisha akaanza kufyonza kijiko kwa kijiko, kwa kelele ambazo mwanangu akizifanya mezani anakula kofi. Sisi tulitazama tu. Wengi wetu tumelima kahawa tangu utotoni na nyumbani tunakunywa chai.

Kikombe cha pili alikirudia mara tatu.

"Hii ina utamu wa asali, halafu mwishoni unakuja uchachu mdogo kama wa chenza," alisema. "Huku kuna baridi na ukungu, tunda linaiva polepole mno. Ule muda ndio unaoijaza buni utamu. Kahawa ya tambarare haina hiki kitu."

Watu walipiga makofi. Cha tano alikitema kwenye ndoo, akasukutua mdomo.

"Moshi. Umefunika kila kitu."

Nilisimama kabla hajaweka kijiko chini. "Si niliwaambia? Namba tano atoke, na asirudi tena!" Nilimnyooshea Ezekiel kidole. Salum alifunua karatasi, akaitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Soma!" nilifoka.

"Namba tano ni... ni wewe, mama mwenyekiti."

Nilimnyang'anya karatasi. Regina, jina langu, lilikuwa pale. Nikakaa. Mtu nyuma yangu akanong'ona, "Nyani haoni kundule," na hakuna aliyemkemea.

"Mama, kahawa unaanika wapi?" Hafidha aliniuliza kwa upole.

"Darini. Juu ya mafiga."

Mvua za huku hazina adabu. Mama yangu alikausha mahindi darini, na bibi kabla yake, na mimi nikaweka kahawa palepale. Haikunijia akilini hata siku moja kwamba buni inavuta harufu. Nilijivunia kuwa yangu hukauka kuliko za wote!

"Chini ya ule moshi kuna utamu uleule wa namba mbili," Hafidha alisema. "Mlima umewapa sawasawa."

"Namba mbili ni ya nani?" mtu akauliza.

"Ezekiel," alisema Salum.

Ezekiel huanika kwenye kichanja, mbali kabisa na tanuri lake. Wingu likitokeza tu anakimbia kufunika, hata mara kumi kwa siku. Nilizoea kumcheka kwamba analea kichanga.

Basi mzigo wa mwaka jana niliuharibu mimi, na nikamfukuza mtu asiye na kosa. Nililia palepale, mwenyekiti mzima.

"Nisamehe, Ezekiel. Rudi kundini leo hii. Uenyekiti chukua wewe."

Alisimama, akavaa kofia yake.

"Nimekusamehe, dada Regina. Ila nirudi na nini? Mibuni niliing'oa yote baada ya mavuno haya. Pale shambani sasa kuna kabichi."

"Yote?"

"Yote."

"Sasa kahawa uliileta ya nini?"

"Nilitaka watu wajue kwamba sikuwa mimi."

Alituaga, akatoka. Salum aliuliza kama mkutano uendelee.