Mkwe Alipozima Gari

Helen alipanda gari la mkwewe shingo upande. Alijibana kwenye pembe ya kiti cha nyuma, mbali kabisa na dereva, akaivuta leso hadi kwenye nyusi. Kwao Kehancha mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mikono, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Wakiwa na neno, hulipitisha kwa mtu wa tatu. Sasa watu kama hao unawafungiaje ndani ya Probox moja kutoka Migori hadi Kisegi?

Yeye alitaka kwenda na wanawake wenzake kwa matatu. Cephas ndiye aliyekataa. Mtoto wake, Beverly, alikuwa anakwenda kuombewa katika kanisa la kwao Kisegi, na viti vya nyuma vilikuwa wazi. "Emmaculate, ambia mum gari mbili ni moshi mara mbili." Emmaculate akamgeukia mamake, aliyekuwa amesimama hapo hapo na masikio yake mawili, akamwambia.

Tusimcheke Cephas. Ziwa la kwao Kisegi lilipofurika lilimeza shamba la baba yake, mihogo, migomba, hadi choo, na aliposikia kwamba moshi wa magari una mkono wake katika mvua za siku hizi, hakulala vizuri tena. Sokoni alianza kwenda kwa miguu. Magurudumu aliyajaza upepo sawasawa, buti akaiondolea mizigo isiyo na kazi, na kwenye kinu cha unga hakuiacha injini ikinguruma bure. Yote hayo ni mema. Ubaya ulikuwa mmoja tu: kila mteremko alitia gari frii likajiendea lenyewe, kama wafanyavyo madereva wengi wa huku ili kuokoa petroli.

Helen aliogopa tangu mteremko wa kwanza. Kwao mkokoteni wa ng'ombe ukishuka mlima hufungwa gogo nyuma liburute. Huyu kijana yeye anaufungulia! Alitaka kusema, lakini atasemaje? Mama mkwe kumkosoa mkwe mbele ya mkewe ni aibu ambayo ingefika Kehancha kabla yake. Akaomba kimoyomoyo.

Walipovuka vilima vya Gwassi, ziwa lilionekana kule chini na barabara ikainama kulielekea. Hapo Cephas hakutosheka na frii. Akazungusha ufunguo, akazima injini kabisa.

Kukawa kimya. Ulisikika upepo tu, na changarawe chini ya magurudumu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na Helen hakuhitaji kukumbushwa.

"Emmaculate," alisema, "uliza baba ya mtoto kwa nini gari imenyamaza."

"Mama anauliza..."

"Mwambie hapa hatuhitaji petroli. Hii mlima inatusukuma bure."

Gari likaongeza mbio. Kona ya kwanza waliipita salama. Kabla ya kona ya pili Cephas alikanyaga breki, akakanyaga tena, na mara ya tatu pedali ikawa ngumu kama jiwe, maana injini iliyozimwa haiipi breki nguvu. Usukani nao ulikuwa mzito. Aliukumbatia kwa mikono yote miwili. Helen aliona jasho likimtiririka kisogoni.

"Nyasaye!" Cephas akalia. Mtu akianza kumwita Mungu kwa lugha ya mama yake, jua mambo yameharibika.

Kulia palikuwa na korongo. Kushoto, mtaro na ukuta wa mlima. Mbele yao lori la mchanga lilikuwa likipanda taratibu, limeijaza barabara.

"Handbreki! Emma, vuta handbreki!"

Emmaculate hakusikia. Alikuwa amejikunja juu ya mtoto, macho amefumba, analia, na mtoto analia. Handbreki ilikuwa pale kati ya viti, imegusana na paja la Cephas. Helen aliiona. Alijua kazi yake, maana aliiona ikivutwa kila waliposimama. Na mkono wake, Mungu amsamehe, haukwenda. Ulibaki umeng'ang'ania leso, kwa sababu mtu aliyefunzwa aibu maisha yake yote haiachi kwa kufumba na kufumbua.

Kisha Beverly akapaliwa na kilio, sauti ikamkatika.

Helen hakujua alivyotoka kitini. Leso ilianguka. Bega lake likamgonga mkwewe mbavuni, mkono ukapita juu ya paja lake, akaivuta ile handbreki kwa nguvu zote alizojaliwa. Gari lilipiga yowe, likayumba, likaangukia mtaroni upande wa kushoto na kujikwaruza ukutani hadi likasimama. Lori likawapita, dereva akiwatukana.

Beverly akaanza kulia upya. Helen hakuwahi kusikia kilio kitamu kama hicho.

Cephas aliuachia usukani. Aligeuka polepole, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yake.

"Mama, ulikuwa unaogopa tangu saa ngapi?"

"Tangu Migori."

"Na hukusema?"

Helen alimtazama Emmaculate ampitishie jibu kama ilivyo desturi, lakini Emmaculate alikuwa bado amejikunja juu ya mtoto. Ikambidi ajibu mwenyewe.

"Nilikuwa nakuheshimu," alisema, na bado hakuiachia ile handbreki.