Robo Saa ya Zalipnica

"Akidi haijatimia," alisema karani wa kata, akatazama saa yake. Kwa mujibu wa kanuni, robo saa baadaye kikao kingeanza upya, na yeyote atakayekuwepo angetosha.

Leokadia, mkuu wa kijiji cha Zalipnica, hakuketi. Alizunguka ukumbi wa wazimamoto, akanyoosha viti visivyopinda, akafungua dirisha na kulifunga tena. Ndugu wawili wa ukoo wa Pietrucha walikuwa wametulia mstari wa mbele. Walitaka Zalipnica iunganishwe na kijiji jirani cha Grądki. Upande wake alikuwapo Apolonia mjane peke yake. Wengine walikuwa mjini kazini, au waliogopa mvua.

Wawili kwa wawili, akijihesabu mwenyewe. Alivuta kitambaa kichwani, akatoka.

Nyumba ya karibu ilikuwa ya Zenobiusz, ambaye hakuwa amemsalimu tangu Leokadia alipoishawishi kata ipitishe mfereji pembezoni mwa shamba la jirani huyo. Alimkuta ghalani, akichambua viazi.

"Umekuja kuchimba mwingine?"

"Nimekuja kukuita mkutanoni, jirani."

"Unataka kubaki na kiti chako cha mkuu."

"Nakitaka, sikatai. Ila tukiwa chini ya Grądki, nani atakumbuka kuuzibua mfereji huu? Maji yataanzia kwako."

"Mfereji ulionilia viazi sasa unanihurumia." Akatupa kiazi kilichooza ndooni, akachukua kingine.

Leokadia alitaka kumwambia kwamba bila kazi hii asingekuwa na sababu ya kubisha hodi mlangoni kwa mtu yeyote. Muda ulikuwa unakwisha, na viatu vyake vilikuwa vimejaa tope. Aliondoka karibu akikimbia, na hakusikia hatua nyuma yake mpaka alipofika ukumbini. Zenobiusz aliingia bila kuvua kofia, akaketi peke yake karibu na jiko.

Karani aliuliza ni nani wanaotaka kuungana na Grądki. Ndugu wale wakainua mikono. Kisha mkono wa Zenobiusz ukapanda polepole, ukaishia kwenye sikio lake.

"Bwana, hiyo ni kura au unajikuna?"

Apolonia alicheka, akajiziba mdomo.

Zenobiusz alikuwa akimtazama Leokadia, aliyekuwa bado amesimama mlangoni akihema, huku mvua ikichuruzika kutoka kwenye kitambaa chake. Mkono ukabaki pale pale, haupandi wala haushuki.