Programu Isiyoficha Hatua Zake

Jumatatu programu ya kukokotoa ya idara ya hisabati ilisema jibu ni kumi na saba. Alhamisi, kwa swali lilelile, ikasema kumi na tisa. Mwalimu wa aljebra, ambaye wanafunzi walimwita Bi Hatua kwa kuwa hakumpa mtu alama bila kuona hatua za kazi yake, aliwaandikia walioitengeneza. Wakamjibu kwa heshima zote kwamba namna inavyokokotoa ni siri ya kampuni.

"Mwanafunzi akinijibu hivyo nampa sifuri," alimwambia shangazi yake, fundi cherehani aliyekuwa akiishi naye.

"Wape sifuri yao, mwanangu, uje ule."

Hakwenda kula. Alianza kuandika programu yake mwenyewe palepale kwenye meza ya kukatia vitambaa, na shangazi akahamia sakafuni na mkasi wake, akinung'unika chini chini. Baada ya miezi saba aliiweka mtandaoni, msimbo wote, yaani maagizo yanayoiendesha, ukiwa wazi, na maelezo mafupi: yeyote aitumie, aisome, airekebishe, ampe amtakaye, nayo isitoe jibu bila kuonyesha lilivyopatikana.

Mwaka mzima hakuna aliyebisha hodi. Kisha ukaja ujumbe wa mpima ardhi mstaafu asiyemjua: "Mwalimu, mstari wa mia nne na tatu una kosa. Kwa programu yako ukubwa wa shamba langu unatoka hasi. Nimekwenda kuangalia, shamba bado lipo."

Bi Hatua alibishana naye siku tatu. Ya nne alikokotoa mstari huo kwa mkono, hatua kwa hatua. Mzee alikuwa sahihi. Akaingiza sahihisho lake, na jina la mzee akaliandika chini ya lake kama mtunzi wa pili. Mzee akawavuta wapimaji wenzake, nao wakawavuta wengine, wote wakitafuta makosa kwa bidii ya kutisha.

Mkuu wa idara akamwita. "Nasikia programu yako ina makosa."

"Mia tatu na kumi na mawili, mkuu. Yameorodheshwa. Mia tatu tumeshayarekebisha."

"Na ile ya kampuni inayo mangapi?"

"Hakuna anayeruhusiwa kujua."

Mkuu akaidhinisha programu ya Bi Hatua iwekwe kwenye kompyuta zote za idara, akaomba aonyeshwe mahali pa kuripoti kosa, maana yeye naye alikuwa amegundua lake.