Kete Tatu za Bure

Fundi friji waliyembatiza jina la Barafu alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini kuna neno moja lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki: kwamba drafti imemchosha.

Si kwamba alikuwa anafungwa. Angekuwa anafungwa ingekuwa nafuu, maana anayefungwa ana sababu ya kununa na ana sababu ya kurudi. Yeye leo alifunga, kesho alifungwa, na yote yaliingia sikio hili yakatokea lile. Mwili ulikaa mbele ya ubao Jumamosi nzima, akili iko kwenye bwawa la kuogelea.

Hapo ndipo penye aibu. Mtu mzima, mwenye kitambi chake na mjukuu wake, ameanza kujifunza kuogelea.

Ilianza kazini. Aliitwa kutengeneza friji ya kantini kwenye bwawa la umma. Akiwa amechuchumaa nyuma ya friji, anatafuta gesi inavujia wapi, akaona kupitia mlango mama mmoja mnene, mvi tupu, amelala chali juu ya maji. Macho amefumba. Haendi, harudi. Barafu alimwangalia mpaka bisibisi ikamponyoka. Tangu azaliwe hakuwahi kumwona mtu mzima ambaye hajasinzia, mzima wa afya, na hafanyi lolote. Akamwonea wivu wa wazi kabisa. Friji ilipoanza kushika baridi, akaenda dirisha la tiketi kuulizia mafunzo.

"Mtoto ana umri gani?" binti wa dirishani akauliza.

"Mtoto ni mimi."

Binti akakitazama kitambi, akajing'ata mdomo asicheke. "Watu wazima ni Jumamosi alasiri, baba."

Jumamosi alasiri! Katika siku zote za Mungu, saa ileile ya drafti barazani kwa Kinyozi.

Kinyozi na Barafu walijuana tangu ujana, enzi ambazo walikuwa na suruali moja ya maana na wakiivaa kwa zamu. Kinyozi alipofungua duka lake, lenye kiti kimoja kinachopanda na kushuka na kingine kilichopanda kikagoma kushuka, Barafu alikuja na ubao aliouchora miraba mwenyewe. Kete zilikuwa vizibo vya soda: huyu vyake vimelala kifudifudi, yule vyake chali. Tangu hapo, Jumamosi baada ya Jumamosi, wateja walijifunza kwamba ukitaka kunyolewa siku hiyo unasubiri raundi iishe, hata kama wewe ndiye bwana harusi.

Na palikuwa na sheria. Kwenye ubao ni utani tu. Mtu akileta habari za nyumbani, mara mtoto ana homa, mara mke kanuna, mara mkwe kaja na mizigo, anapoteza zamu. Kinyozi ndiye aliyeitunga, baada ya jamaa mmoja kuangua kilio katikati ya mchezo kwa sababu ya talaka, machozi yakalowesha kete. "Hapa pana ubao," Kinyozi alisema, "mwenye shida akamwambie mama yake." Sheria ilishikwa kuliko za serikali. Watu wawili walikaa uso kwa uso miaka na miaka, wakitukanana kwa mapenzi, na hakuna aliyemuuliza mwenzake anaendeleaje.

Basi Barafu angeanzia wapi? Akaanza kudanganya. Jumamosi ya kwanza aliitwa kwenye friji ya bucha, nyama inaharibika. Iliyofuata, friji ya hospitali, dawa zinaharibika. Iliyofuata tena akakosa cha kuharibika, akasema mochwari.

"Hata marehemu wanakusubiri wewe?" akauliza fundi viatu wa mlango wa pili, ambaye kazi yake barazani ilikuwa kuangalia mchezo na kuchokoza. "Wangejua ulivyo mzito wangeamua kufufuka."

Watu wakacheka. Kinyozi hakucheka. Alikuwa anamnyoa Barafu jioni hiyo ya katikati ya wiki, na kichwa cha mtu ukikishika kila mwezi unakijua kuliko mkewe anavyokijua.

"Nywele zako siku hizi zimekuwa kama brashi ya kuoshea chupa," akasema. "Unaoga na nini?"

"Maji ya bomba."

"Hata mimi naoga ya bomba."

Dawa ya maji ya bwawa ilikuwa imezikausha nywele. Barafu alijitazama kwenye kioo, akaona mtu anayetoka jasho mahali penye feni.

Nyumbani mkewe hakuwa na huruma.

"Mwambie."

"Nimwambieje?"

"Kwa mdomo. Ungekuwa unaniacha mimi ningekielewa hicho kigugumizi."

"Wewe ningekwambia."

"Jaribu uone." Akaendelea kukunja nguo. "Mimi nilipochoka na kwaya nilisema nimechoka na kwaya. Nikahamia kwenye maua, na yenyewe sasa yamenichosha. Kuna aliyekufa?"

"Kwaya mlikuwa arobaini, mama watoto. Sisi tuko wawili. Nikitoka mimi, anabaki na nani?"

Mkewe akaacha kukunja, akamtazama, kisha akamtupia soksi zake. 

Barafu aliliwaza jambo hilo mgongoni mwa kila friji aliyoifungua wiki ile. Kupenda na kuacha hakukuwa kugeni kwake. Ujanani alikuwa na kichaa cha sinema za ngumi. Kikaisha. Akakusanya kanda za muziki, sanduku zima, mpaka siku moja akagundua kwamba hajui sanduku liko wapi na wala halitafuti. Akafuga njiwa. Akasikiliza mpira redioni mpaka jirani akahama. Vyote vilimtoka kama meno ya utotoni, kimoja kimoja, bila kuaga na bila matanga. Lakini kanda haikupigii simu kuuliza mbona huonekani. Njiwa ukimwacha anaruka zake. Drafti ina mtu upande wa pili, na mtu huyo ndiye rafiki pekee aliyembakia. Wengine ukubwa ulishawameza: huyu kahama, yule kaokoka, yule hasalimii tangu apate gari. Wahenga walisema ukubwa jalala, kila kitu hutupwa hapo; walisahau kusema kwamba marafiki huzolewa na gari la taka.

Mwisho akapata alichokiona kuwa ni akili. Atafungwa. Atafungwa vibaya, hadharani, mfululizo, mpaka watu wenyewe waseme mzee umekwisha, nenda kapumzike. Bingwa hawezi kuondoka tu, lakini aliyekwisha anaruhusiwa. Hakuna atakayesema amemkimbia mwenzake.

Jumamosi hiyo hakwenda bwawani. Barazani walimpokea kama mtu aliyetoka jela.

"Wafu wamekuruhusu?" fundi viatu akauliza.

"Wamenipa likizo."

Wakapanga kete. Mwanzoni Barafu alicheza kama kawaida ili njama isinuke mapema. Kisha akasogeza kete moja mbele ya mdomo wa Kinyozi, bila kinga. Katika drafti ya pale, ukipewa lazima ule. Kinyozi akaitazama, akamtazama Barafu, akala. Barafu akatoa ya pili. Kinyozi akala, taratibu, kama anayekula dawa.

"Lo! Mtego huo," fundi viatu akanong'ona kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. "Huyu kakaa nje anasomea. Ngojeni muone!"

Watu wakasogea. Aliyekuwa kwenye kiti, nusu ya ndevu zimenyolewa na nusu bado, akaja na taulo shingoni. Barafu akatoa ya tatu. Ilikuwa ya bure kiasi kwamba hata mpita njia angeona aibu kuipokea.

Kinyozi hakuila. Alikunja mikono.

"Kula," Barafu akasema.

"Nimeshiba."

"Sheria inasema lazima ule."

"Sheria inasema nile ninachopewa na anayecheza na mimi. Wewe unanirushia punje kama kuku." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotisha. "Umenifunga ukiwa na malaria. Umenifunga jino linakuuma, shavu limevimba kama andazi. Leo huioni kete iliyo puani pako? Hivi unaniona mtoto?"

 Hata fundi viatu alitafuta pa kuangalia.

Barafu angeweza kudanganya tena; friji mjini hazijaisha. Lakini alichoka. "Najifunza kuogelea," akasema.

"Unajifunza nini?"

"Kuogelea. Jumamosi. Drafti imenichosha, bwana. Imenitoka tu. Sikujua nikwambieje."

Mmoja akaanza kucheka, akatazamwa, akameza kicheko chake. Kinyozi alikusanya vizibo, vyake na vya mwenzake, akavirudisha kwenye kopo.

"Kuogelea si kosa," akasema. "Hata kuchoka si kosa. Lakini kunifanyia mimi mchezo wa kunifurahisha, kama mgonjwa anayeambiwa amepata nafuu..." Akaliweka kopo chini ya benchi. "Nina mteja ana nusu ndevu."

Akaingia ndani.

Barafu alirudi bwawani. Alifundishwa na mwalimu aliye wa rika la bintiye, aliyemwita baba na kumfokea kama mtoto. "Baba, legea! Maji hayakudai!" Siku moja akalegea. Miguu ikapanda yenyewe, masikio yakazama, akaelea. Furaha ilimjaa kifuani. Akageuka kutafuta wa kumwambia, akaona watoto wanagombania boya, basi akavaa nguo juu ya furaha yake na kuondoka nayo.

Nywele zilikua. Hakwenda kwa kinyozi mwingine, kichwa kilikataa. Mkewe alipomuuliza anafuga nini humo ndani, na kama wanazaa, akaamua.

Alichagua Jumanne asubuhi, saa ambayo hakuwahi kulikanyaga duka lile. Lilikuwa tupu. Kinyozi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, kile kilichogoma kushuka, miguu inaning'inia.

"Kunyoa?" akauliza.

"Kunyoa."

Akamfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine. Walitazamana kwenye kioo, na hapakuwa na ubao wa kuinamia. Barafu aliona kwamba nyusi za mwenzake zimeota mvi. Zimeota lini? Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kumtazama usoni, akakumbuka kete tu.

"Ulidhani ningefanya nini ukiniambia?" Kinyozi akauliza. "Ningekupiga?"

"Nilidhani hatutabaki na kitu."

Mashine ikapanda na kushuka upande wa kushoto.

"Nacheza na fundi viatu sasa," Kinyozi akasema. "Hajui kucheza, na anaiba. Lakini anapenda." Baadaye kidogo akauliza, "Majini kukoje?"

Barafu alifikiri. "Ukilala chali masikio yanazama. Kelele zote zinakatika. Unabaki unasikia moyo wako tu, du, du, du. Mara ya kwanza niliogopa, nikadhani kuna mtu anagonga."

Mashine ikazimika. Umeme ulikuwepo, ni Kinyozi aliyeizima.

"Wako unagonga hivyo? Sawasawa?"

"Ndiyo. Kwani wako vipi?"

Kinyozi alikung'uta nywele ambazo hazikuwepo begani. "Wangu nikiinama kufagia unakimbia. Halafu unasita. Halafu unakimbia tena, kama mtoto aliyeiba. Juzi nilishika ukuta."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mambo yako ya maji."

"Shemeji anajua?"

"Hajui."

"Daktari?"

"Nakwambia wewe."

Barafu akamtazama kwenye kioo. Alitafuta utani wa kusema, maana ndiyo lugha waliyoijua wote wawili, akaukosa. "Nyoa upande uliobaki," akasema. "Halafu tunafunga duka, twende hospitali."

"Leo Jumanne, nina wateja."

"Wako wapi?"

Kinyozi aligeuka kutazama duka tupu. Mdomo ukamcheza.

"Ninaogopa, bwana," akasema, kama mtu anayesema mvua inakuja.

"Najua. Na mimi nilidhani nitazama. Nyoa."

Akanyoa, polepole kuliko kawaida, na Barafu hakumharakisha. Walipotoka, mteja alikuwa anavuka barabara huku anajishika ndevu. Kinyozi alimpungia mkono aje jioni, akafunga kufuli, akalivuta mara mbili kuhakikisha, wakaondoka kwa mwendo wa yule mwenye moyo mbovu.